Bibi Ananijua Asubuhi, Jioni Hanijui

Ndugu wanafunzi na wazazi, somo hili linatokana na swali linaloulizwa sana majumbani. Vipi bibi asubuhi awataje wajukuu wote kwa majina, aulize na habari za alizeti shambani, kisha baada ya Alasiri amwone mjukuu yule yule kuwa mgeni na kumfukuza? Wengine husema anajifanya, na wengine husema ana majini. Majibu yote mawili yanamdhulumu. Katika mikoa jirani na Singida yetu, kama Shinyanga na Tabora, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa hiyo maneno ya namna hii si ya mzaha.

Suratun-Nahl, aya ya 70, inatukumbusha kwamba baadhi ya watu huishi mpaka elimu waliyokuwa nayo ikawatoka. Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akiomba kinga dhidi ya umri huo. Madaktari huyaita maradhi haya dimenshia. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulikuta kwamba kati ya wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, kiasi cha 6 wanayo.

Ubongo unaougua haufi wote kwa siku moja. Sehemu nyingine hubaki nzima, na mzee akiwa amelala vizuri, ameshiba na nyumba imetulia, hizo humsaidia. Jioni amechoka, mwanga umepungua, watoto wanapiga kelele, basi hupotea. Mambo ya zamani hukaa zaidi kuliko ya jana. Ndiyo maana mzee aliyesahau Kiswahili anaweza kukujibu kwa Kinyaturu au Kinyiramba, na asiyejua amekula nini akaisoma Alfatiha bila kukosea.

Iko aina moja ya dimenshia inayoitwa ya Lewy, kwa jina la daktari aliyeeleza alama zake katika ubongo mwaka 1912. Mwenye nayo hubadilika hata ndani ya siku moja, na huona watoto au wanyama ambao hawapo. Huyu ndiye anayesingiziwa majini kuliko wote! Tena baadhi ya dawa za kutuliza wagonjwa wa akili zinaweza kumdhuru vibaya, hivyo daktari aambiwe mapema kuhusu hayo anayoyaona.

Lakini mzee akibadilika ghafla, kwa saa au siku mbili tatu, msiseme ni uzee. Huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, dawa mpya, au kukosa maji tu. Wakati wa kiangazi chetu mzee anaweza kushinda kutwa bila kusikia kiu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mara nyingi hutibika.

Je, hukumu ya ibada zake? Hadithi ya kalamu kuinuliwa inamhusu yule ambaye akili yake imeondoka, mpaka imrudie. Akizinduka na kutulia muda wa kutosha kutwaharika na kuswali, aswali swala ya wakati ule, nasi tumsaidie kutawadha. Zilizompita akiwa hajitambui halipi, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafii. Mali nayo ina hukumu kama hiyo. Kidole gumba alichowekeshwa kwenye karatasi ya shamba akiwa hajijui hakihamishi kitu, na anayefanya hivyo anakula mali ya watu kwa batili. Wosia alioutoa akiwa timamu unasikilizwa, na ni bora mashahidi wawepo saa ile ile.

Hutokea pia mgonjwa aliyenyamaza miezi mingi akazungumza vizuri siku au saa chache kabla ya kufariki. Wataalamu bado hawajui inakuwaje. Ila si kila kuzinduka ni dalili ya mauti, kwa hiyo msianze kulia mbele yake. Kaeni naye, mumsikilize, na mwenye kutaka radhi aombe.

Wanafunzi mnaojua kuandika, wekeni daftari: saa anazokuwa timamu, saa anazopotea, dawa anazomeza, maji aliyokunywa. Daktari apewe daftari hilo, maana siku ya kliniki bibi huenda akaamka mzima na kujibu kila swali.