Mjane na deni lake

Zamani, katika nchi ya Israeli, mtu mmoja mwenye kumcha Mungu alikufa, akaacha deni. Mwenye kudai akataka kuwakamata watoto wake wawili wawe watumwa. Mjane akamlilia nabii Elizeo. Nyumbani mwake hamkuwa na kitu ila kichupa cha mafuta. Elizeo akamwagiza aazime vyombo vitupu kwa jirani. Mjane akafunga mlango, akamimina. Vyombo vyote vikajaa. Elizeo akamwambia auze mafuta, alipe deni, na masalio yawalishe yeye na watoto.

Mungu aliwahurumia, lakini deni lililipwa. Mwenye kudai asiwe mkali. Mwenye deni asijifiche.

Maulizo: Mwenye kudai alikosa huruma namna gani? Mjane alipata wapi feza za kulipa?