Disjonkteri isiyo na kazi mu tablo: tuifanye nini?



Leo tunaacha mahindi na mbolea kidogo, tunaingia mu nyumba. Kuko kooperative ambazo hazina nguvu ya kujenga depo, kwa hiyo zinakodi nyumba ya zamani mu Fungurume, karibu na barabara ya Likasi–Kolwezi. Mifuko inapangwa mu salon, chumba kimoja kinakuwa biro. Nyumba ile inakuja na tablo yake ya kurant ku ukuta, na mu tablo kuko disjonkteri nane ao kumi. Unamuuliza mwenye nyumba: hii ni ya nini? Anajibu: ile? Ile inapumzika tu.

Somo letu ni juu ya ile inayopumzika.

Juu ya nini inabaki bila kazi? Nyumba nyingi zilijengwa wakati watu walipikia ku jiko la kurant na kuoga maji ya boileri. Leo kurant inakuja dhaifu, inakatika, na bukari inapikwa ku makala, hata kama Nzilo na Nseke ziko hapa hapa ku muto Lualaba na nguzo kubwa zinapita juu ya mashamba yetu. Jiko lilitoka, boileri ikauzwa, lakini disjonkteri zao zilibaki. Ya jiko mara nyingi imeandikwa 32, ya boileri 20. Zile namba ni ampere, na tutazirudilia.

Mbele ya yote, mujue kweli kama haina kazi. Hapa mimi mwenyewe nilikosea. Mu depo tuliyokodi kulikuwa disjonkteri tatu bila jina. Tukazizima moja moja, tukaangalia: ampuli zote zinawaka, frigo inaunguruma, priizi za biro ziko sawa. Tukasema, basi, hizi ni bure, tukaziacha zimezimwa. Ilikuwa mwezi wa saba, na munajua baridi ya usiku ya mwezi wa saba huku kwetu. Asubuhi, mama mmoja aliyekuwa anafuga kuku nyuma ya lupango akakuja analia: ampuli ya kupashia vifaranga ilizimika usiku wote. Waya yake ilipita chini ya udongo, ikitoka mu moja ya zile tatu. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Vifaranga tulilipa na pesa ya kooperative.

Kwa hiyo, kuzima na kuangalia mu nyumba haitoshi. Muzunguke lupango yote na taa ya jaribio mukononi: nyuma ya choo, ku kisima, ku geti, ku aneksi ya mpangaji. Muulize majirani pia, maana kuko wakati jirani anakula kurant kwenu na munalipa bila kujua. Kisha muiache imezimwa siku saba, na karatasi ku tablo inayosema imezimwa tangu siku gani na nani. Kama wiki inapita na hakuna aliyelalamika, sasa munaweza kusema haina kazi.

Sasa tuseme namna tablo iko ndani, maana bila kujua hii mtu anaweza kufa. Mu tablo nyingi, disjonkteri zimepangwa kwa mstari, na juu yao kunapita ubao mwembamba wa shaba wenye meno. Mafundi wanauita kitana, na kweli unafanana na kitana cha nywele. Kila jino linaingia ku disjonkteri moja na kuipelekea kurant. Chini ya disjonkteri njo kunatoka waya ya kwenda mu chumba. Ukizima disjonkteri, unakata upande wa chini tu. Upande wa juu, jino la kitana lingali na volti 220, mchana na usiku, mpaka uzime disjonkteri kubwa ya mwanzo. Na hata ukizima ile kubwa, waya inayotoka ku konteri na kuingia ndani yake bado ina kurant.

Basi mtu anayesema «haina kazi, tuitoe tuiuze» anafanya nini? Anaacha shimo mu tablo, na mu shimo kunabaki jino la shaba lenye kurant. Kidole cha mtoto kinaingia pale bila shida. Mijusi na mende pia wanaingia, na vumbi la unga kama munasaga karibu. Kwa maoni yangu, disjonkteri isiyo na kazi ikae pale pale, imezimwa, bila waya ku upande wa chini, na skrubu zake zote zimekazwa. Haili kurant, haiongezi fakture, na inaziba shimo kuliko kitu kingine. Kama ilishatoka, ao imeungua na fundi lazima aitoe, aweke vipande vya plastiki vya kuziba matundu, wanaviita obtirateri. Kipande cha kartoni na skochi si dawa: kartoni inaungua.

Niliandika «bila waya ku upande wa chini». Hili watu wanalisahau. Jiko lilitoka, lakini waya yake nene ingali ndani ya ukuta, upande mmoja umefungwa ku disjonkteri ya 32, upande mwingine unaning'inia mu jikoni nyuma ya mifuko ya mahindi, bila kitu. Leo imezimwa. Kesho mlinzi anatafuta ya kuwasha taa ya nje, anapandisha zote, na waya ile inaamka. Kuizima peke yake haitoshi. Fundi azime disjonkteri kubwa, apime na testeri kwamba kurant imekufa kweli, afungue waya ile ku disjonkteri, aweke domino ku ncha zote mbili na aandike juu yake ilikuwa ya nini. Kazi hii ni ya fundi. Yenu ni kusimama pale na kuona imefanyika.

Sasa majaribu mawili, na hapa njo kuko hatari kubwa.

La kwanza: kooperative inanunua konjelateri ya samaki ao pompe ya bustani, na mtu anasema, disjonkteri iko bure, tufunge pale. Inawezekana, lakini muangalie namba. Disjonkteri inalinda waya, hailindi mashini. Waya ya milimita 1,5 inataka disjonkteri isiyopita 16. Ya 2,5 isipite 20. Ya 32 ni ya waya ya milimita 6. Mukifunga waya nyembamba ya 1,5 ku ile 32 ya jiko, disjonkteri itaona kila kitu kiko sawa. Inaweza kuachia ampere 36 zipite saa moja nzima bila kuruka, na wakati ule waya inakuwa moto ndani ya ukuta, nyuma ya mifuko yenu mikavu. Mutasikia harufu ya plastiki kwanza, kama kuko mtu wa kusikia. Kosa la namna hii linatokea pia disjonkteri ya 16 inaporuka mara kwa mara, na mtu anachukua ile 32 ya bure na kuiweka mahali pake. Haikuruka tena, anasema, imepona! Hapana. Umefunga mdomo wa aliyekuwa anakuambia kuna shida.

La pili ni grupu. Kurant ikikatika siku tatu, na samaki wako mu konjelateri, mtu anachukua waya kutoka ku grupu ya esansi na kuifunga ku disjonkteri ya bure, kusudi nyumba yote iwake. Inawaka kweli. Lakini kama amesahau kuzima disjonkteri kubwa, kurant ya grupu inatoka nje, inarudi ku waya za SNEL mpaka ku kabine ya kartie. Kabine inayoshusha volti kutoka juu inaweza pia kuzipandisha kutoka chini: 220 yenu inatoka upande mwingine ikiwa maelfu ya volti. Huko kuko fundi amepanda nguzo kutengeneza, na yeye anajua kurant imekatika. Anakufa kwa grupu ya depo yenu. Na kama kurant ya SNEL inarudi wakati grupu inazunguka, grupu inaungua papo hapo.

Usiseme «sisi tutakumbuka kuzima». Usiku wa giza na mvua hakuna anayekumbuka. Grupu inafungwa ku inverseri, ile swichi yenye mahali tatu: SNEL, zero, grupu. Haiwezi kuwa ku mahali mbili mara moja, hata aliyeishika akiwa amelewa. Kama kooperative haina pesa ya inverseri sasa, muchukue rallonge nzito kutoka ku grupu moja kwa moja mpaka ku konjelateri, na nyumba ibaki giza.

Muangalie pia kama mu tablo kuko disjonkteri yenye kibonye kidogo cha T. Hiyo ni diferensieli, na ile ya milliampere 30 njo inaokoa mtu aliyeshika waya. Mukibonye mara moja kila mwezi, wakati kurant iko. Isiporuka, imekufa, muibadilishe.

Mu depo yetu, ile ya 32 iko pale mpaka leo, imezimwa, haina waya, na mama sekretere amebandika karatasi juu yake: JIKO LA ZAMANI – BURE – MUSIPANDISHE. Zile mbili zingine zisizokuwa na jina, moja ilikuwa ya boileri. Ya vifaranga sasa imeandikwa KUKU, kwa herufi kubwa kuliko zote.