SOMO: Kuchapa Vibandiko vya Anwani kwa Kompyuta

Ndugu Wanachama,

Mwanachama aliyehamia bara ana haki ya kupata taarifa ya Mkutano Mkuu sawa na aliye kisiwani. Bahasha ikipotea, na kura yake imepotea. Yatupasa basi kujifunza kazi hii.

Tutwae mfano wa Kisesa. Kuna Kisesa mbili. Moja imo wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, kwenye njia ya Musoma, panapo makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Ya pili imo wilaya ya Meatu, ambayo tangu 2012 ni ya mkoa wa Simiyu. Aandikaye “Kisesa” peke yake ampa mtu wa posta kitendawili. Kompyuta haitakitegua, itachapa kosa lile lile kila mara, tena kwa herufi nzuri.

Kwanza, orodha. Fungua jedwali katika Excel. Kila mwanachama apate mstari wake, na kila jambo safu yake: jina, S.L.P., mji, wilaya, mkoa, simu. Safu ya simu ifanye ya maandishi kabla hujaijaza, ama sivyo sifuri ya mwanzo itatoweka.

Pili, karatasi. Karatasi ya A4 yenye vibandiko 21 huwa na safu 3, kila safu vibandiko 7. Tazama namba iliyoandikwa kwenye pakiti, uichague hiyo hiyo katika Word. Kisha unganisha orodha, panga anwani katika kibandiko cha kwanza, na uiamrishe programu ifuate mfano huo kwa vyote.

Tatu, jaribio. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kwa ukubwa wa asilimia 100, wala usiiache mashine ipunguze. Ipachike juu ya karatasi ya vibandiko, uziinue pamoja kwenye mwanga. Maandishi yakikaa ndani ya mipaka, endelea. Karatasi iliyokwisha banduliwa vibandiko usiirudishe katika printa ya leza. Joto laweza kubandua vilivyobaki vikanata ndani ya mashine.

Mwisho, orodha ni amana: ina majina na simu za watu. Asipewe asiyehusika. Na kila aliyehama alete anwani yake kamili, pamoja na wilaya na mkoa, kabla ya bahasha za mkutano kufungwa.

Wenu katika kazi,
Katibu