Kutafuta Historia ya Filamu Tukiwa Garsen

Wengi hudhani historia ya filamu ni ya Marekani tu. La hasha! Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35, zikazungushwa kwa lori, Kenya ikiwemo. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo ziko Uingereza.

Je, sisi wa Mto Tana tuanzie wapi? Nashauri hivi:

Kwanza, wazee. Muulize babu au bibi: sinema ya lori ilifika kijijini? Ilionyesha nini? Nani alitafsiri? Andika kijiji na mwaka.

Pili, Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Humo mna faili za serikali ya kikoloni.

Tatu, filamu zenyewe, mfano Kolormask (1986) ya Sao Gamba na Saikati (1992) ya Anne Mungai.

Kisha linganisha. Faili itakwambia mtawala alitaka nini. Mzee atakwambia watu walielewa nini. Faili zitangoja, lakini wazee wetu wanapungua kila mwaka. Basi tuanze nao, likizo hii hii.