MENDE WA BATI: JINSI YA KUUNDA ROBOTI YAKO YA KWANZA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akili ni mali. Leo nataka tujifunze kuunda roboti kwa vitu ambavyo hapa kwetu Kawangware 46 hutupwa jalalani kila siku.

Kwanza tulijue neno lenyewe. Lilianza katika tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi Mcheki, iliyochapishwa mwaka wa 1920. Linatokana na neno "robota", yaani kazi ya kulazimishwa, ile Waswahili waliyoiita shokoa. Roboti si lazima ifanane na mtu. Ni mashine inayohisi, inayoamua, kisha inatenda. Mwaka wa 2013 jijini Kinshasa ziliwekwa roboti za kuongoza magari, na mwaka wa 2020 roboti zilisaidia kuhudumia wagonjwa wa korona jijini Kigali. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati haya ni mambo ya ng'ambo tu.

Sasa niungame kosa langu. Likizo iliyopita niliifungua redio ya mama bila kumwomba ruhusa, nikang'oa mota ya upande wa kaseti. Nilijiambia, si kaseti hazichezwi tena? Kumbe nilikata waya mwingine, na redio ikanyamaza kabisa. Mama huisikiliza alfajiri akikaanga mandazi. Isitoshe, mota yenyewe ilitaka volti nyingi. Kwa betri moja haikugeuka hata kidogo. Nilikosa mwana na maji ya moto. Fundi aliitengeneza redio, nami nikalipa deni kwa kumfanyia kazi Jumamosi nne. Pale mezani kwake ndipo nilipojifunza haya ninayoyaandika.

VIFAA
Tafuta mota mbili za magari ya kuchezea yaliyoharibika (volti 1.5 hadi 3), betri mbili za volti 1.5, yaani yale mawe ya tochi, nyaya nyembamba, mkebe mtupu, misumari midogo sita, kifuniko cha soda, gundi, na ubao mwembamba wenye ukubwa wa kiganja.

HATUA
1. Gundisha mota pande mbili za ubao, zikiinama hadi ncha zake ziguse sakafu. Ncha hizo zivishe mpira uliovuliwa kwenye waya mnene. Hayo ndiyo magurudumu. Nyuma, chini ya ubao, gundisha kifuniko cha soda kiteleze.

2. Panga mawe kwa mstari mmoja, chanya ya moja iguse hasi ya jingine. Toa nyaya tatu: mmoja kwenye chanya ya mwisho, mmoja kwenye hasi ya mwisho, na mmoja katikati yanapokutana. Waya wa katikati uunganishe na mguu mmoja wa kila mota.

3. Kata vipande viwili virefu vya bati la mkebe. Hivi ni vipapasio, kama vya mende. Kila kimoja kipigilie kwa msumari mmoja, kichomoze mbele kwa mshazari. Weka msumari mwingine mbele yake na mwingine nyuma yake. Kikitulia kiegemee ule wa mbele. Kikisukumwa kiuache, kiguse ule wa nyuma. Kisiguse yote miwili kwa pamoja, mawe yatapata moto. Misumari ya mbele iunganishe na chanya, ya nyuma na hasi.

4. Hapa ndipo penye siri. Kipapasio cha kushoto kiunganishe na mguu uliobaki wa mota ya KULIA, na cha kulia na mota ya KUSHOTO. Mende akigonga ukuta kwa kushoto, mota ya kulia itarudi nyuma, naye atageukia kulia, aende zake. Amehisi, ameamua, ametenda!

Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya zake mbili. Ikikataa kabisa, kwaruza rangi ya mkebe, kwa sababu rangi huzuia umeme. Mende wangu alilala siku mbili kwa kosa hilo. Jiwe la upande wa chanya huisha haraka kwa sababu ndilo hufanya kazi wakati mwingi, kwa hivyo yabadilishane nafasi. Na tafadhali, usijaribu na stima ya ukutani. Hiyo ni volti 240, inaua. Betri kuukuu za simu pia ziache, zinaweza kushika moto.

Nilipomwonyesha mama, alimtazama Mende akipita chini ya meza, akagonga ndoo, akageuka. Akauliza, "Na hii mdudu yako itatusaidia na nini?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata redio ilinyamaza tena. Safari hii niliomba ruhusa kwanza. Nikaufuata umeme waya kwa waya, vile nilivyofanya kwa Mende, nikaupata ulioachia karibu na betri, nikauunganisha. Mama hakusema neno. Aliongeza sauti tu, akaendelea na mandazi yake.

Wenzangu, mnara wa Babeli tusiujenge kwa siku moja. Anza na mende. Ila kabla hujashika bisibisi, mwulize mwenye redio.