Mkanda au Dijitali? Kwanza Muulize Mteja

Mkanda wa milimita 35 hutoa picha 36, basi. Mpigapicha wa harusi ya pwani, kuanzia nikaha msikitini hadi bibi harusi anapotolewa ukumbini usiku, anaweza kubonyeza mara 900 bila kujiona amezidisha. Hiyo ni mikanda 25, na kila unapofungua mgongo wa kamera kubadilisha mkanda, bwana harusi hakungoji.

Kwa hiyo, kabla ya kubishania uzuri wa rangi, muulize mteja picha anazitaka lini. Kisha jiulize mwenyewe: zikiharibika, tukio litarudiwa? Harusi, mahafali, habari za gazeti, hata picha ya pasipoti ambayo mwenyewe amekaa kwenye benchi anaisubiri, zote ni kazi za dijitali. Unaona ulichopiga papo hapo, na kamera yenye nafasi mbili za kadi huandika kila picha mara mbili. Mkanda una nafasi yake pale unapoweza kumwita mtu tena wiki ijayo: picha za sura, jalada la albamu ya muziki, kazi za maonyesho. Kamera kubwa ya mkanda wa 120, kwa umbo la mraba, hutoa picha 12 tu kwa mkanda mmoja. Uchache huo humfanya anayepigwa atulie, na mpigaji pia.

Tofauti inayowatesa wengi ni ya mwanga. Chukua mtu mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, saa sita mchana. Kamera ya dijitali ikizidishiwa mwanga, kanzu inaungua: darizi ya kifuani inapotea na hakuna programu itakayoirudisha. Mkanda wa negativu za rangi huvumilia mwanga uliozidi, ila ukipungukiwa, uso unakuwa matope. Basi kwenye dijitali pima mwanga wa kanzu, hifadhi faili ghafi za RAW, halafu uinue uso kwenye kompyuta. Kwenye mkanda pima uso, kanzu itajitunza. Ukihamisha mazoea ya kamera moja kwenda nyingine, utaharibu kazi ukidhani kamera ni mbovu.

Kabla hujaahidi mkanda kwa mtu, tafuta atakayeusafisha. Mikanda ya rangi husafishwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15. Joto likiyumba, rangi zinahama. Studio nyingi zilizokuwa na mashine za kusafishia mikanda zimebaki na printa tu. Peleka kwanza mkanda wako wa majaribio, usipeleke wa mteja. Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe unaweza kuusafisha nyumbani, lakini dawa zake kwa kawaida hutakiwa ziwe kwenye nyuzi 20, na maji ya bombani Dar es Salaam au Mombasa yana joto zaidi ya hapo. Andaa barafu. Dawa iliyokwisha kutumika ina fedha, yaani madini, kutoka kwenye mkanda. Usiimwage karibu na kisima.

Kamera za mkanda zenyewe karibu zote ni za mtumba. Canon iliacha kuuza kamera yake ya mwisho ya mkanda mwaka 2018, na ingawa Pentax ilitoa mpya mwaka 2024, hiyo ni ya kujifurahisha zaidi kuliko ya kazi. Unaponunua, angalia sponji za mlango wa nyuma. Zikioza, mwanga unapenya. Bonyeza kwenye kasi ya sekunde moja usikie kama kweli ni sekunde moja. Mulika lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, ugonjwa wa pwani. Ukishapakia mkanda, tazama kifundo cha kurudishia: kisipozunguka unapovuta, mkanda haujashika, na aibu ya kumpiga mtu picha 36 za hewa haisahauliki.

Mikanda mipya weka kwenye friji, uitoe saa chache kabla ya kufungua ili isitoe jasho. Kwenye uwanja wa ndege, usiitie kwenye mzigo mkubwa. Ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa macho.

Kwa upande wa kuhifadhi, mkanda una heshima yake. Capital Art Studio ya Unguja ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za mji wa zamani bado zinaonekana. Negativu huhitaji dirisha tu ili uisome. Faili huhitaji uangalizi: nakala mbili kwenye diski tofauti, na moja ikae nyumba nyingine.

Wapo wanaochanganya, nami naona ndiyo njia ya busara: harusi nzima kwa dijitali, kisha mikanda miwili kwa maharusi peke yao jioni. Itoze kando, andika siku za kusubiri kwenye makubaliano, na andika pia negativu zitabaki kwa nani, maana hilo ndilo watu hugombania miaka kumi baadaye.