Udaktari Usio wa Hospitali

Wengi wetu tusikiapo mtu akiitwa Daktari hudhani kwamba kazi yake ni kutibu wagonjwa. Lakini uko udaktari mwingine, nao ni shahada ya juu kabisa ya Chuo Kikuu. Anayeutafuta hushika swali moja ambalo jawabu lake halimo katika kitabu chochote, akalichunguza kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Mwisho huandika tasnifu, na mabingwa humhoji.

Na tutazame mfano katika elimu ya kansa. Mwili umejengwa kwa seli, nazo hugawanyika kwa kiasi. Seli ya kansa haifuati kiasi hicho; huzidi kugawanyika hata ikafanya uvimbe. Je, ni nini kinachoiasisha?

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona wengine. Mwaka 1961 alieleza habari hizo mjini London, na mmoja wa wasikilizaji, Anthony Epstein, akashuku kwamba huenda kirusi kinahusika. Basi vipande vya uvimbe vikawa vikipelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu.

Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Kipande kilipofika London, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angaliyamwaga, lakini Epstein alitazama tone moja kwa hadubini, akaona seli hai zikielea. Yeye na msaidizi wake, Yvonne Barr, wakafaulu kuzikuza maabarani. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu, nacho huitwa Epstein-Barr.

Hata hivyo kazi haikwisha. Watu wengi sana duniani wana kirusi hiki wala hawapati kansa. Kwa nini basi baadhi ya watoto waugue? Imeonekana kwamba malaria nayo huchangia. Hivyo ndivyo jawabu moja linavyozaa swali jingine.

Barr alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1966. Baadaye alihamia Australia, akawa mwalimu wa hesabu na sayansi.

Wanafunzi wenzangu, jaribio linapotukatalia maabarani, mara nyingi hunakili jawabu la jirani ili tupate alama. Tufanyapo hivyo twamwaga yale maji machafu kabla ya kuyatazama. Tuandike tulichokiona, hata kama hakifanani na kitabu. Mwenye kuzoea hivyo leo ndiye awezaye kukabidhiwa swali kubwa kesho.